Macho ya mtoto hayangoji siku ya soko

Mfanyabiashara wa mpakani anaishi kwa macho. Kabla jua halijapanda pale Busia, Namanga, Mutukula au Rusumo, ameshainua noti kwenye mwanga kuona kama ni halali, ameshachambua maharage kwa rangi, ameshausoma mshale wa mizani ya mwenzake na kuhesabu magunia yanayopakiwa. Anayekosea kuona hapo hulipia kosa lake siku hiyo hiyo.

Nyumbani kwake, hata hivyo, kuna macho ambayo huenda hayajawahi kupimwa hata mara moja: ya mwanawe aliye darasa la tatu. Daftari linarudi na mistari iliyorukwa. Mwalimu anaandika kwamba mtoto hana makini. Mzazi anaongeza fedha za masomo ya ziada, au anaongeza ukali. Pengine mtoto si mvivu. Pengine haoni ubao.

Ugumu wa jambo hili ni kwamba mtoto halalamiki. Mtu mzima aliyewahi kuona vizuri anajua kimempungukia nini. Mtoto ambaye tangu mwanzo ameona ubao kama uliofunikwa na ukungu anadhani wenzake nao wanauona hivyo hivyo. Anasogea dawati la mbele, ananakili kwa jirani, au anakaa kimya hadi darasa limwache.

Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitoa mwaka 2019 ripoti yake ya kwanza kuhusu uoni duniani. Ilieleza kwamba watu wasiopungua bilioni 2.2 wana tatizo la kuona, na kwamba kwa wasiopungua bilioni 1 kati yao tatizo hilo lingeweza kuzuiwa au bado halijatibiwa. Sehemu kubwa ya hao hawahitaji upasuaji wala dawa ya gharama kubwa. Wanahitaji miwani. Mwaka 2021 nchi wanachama wa shirika hilo zilikubaliana kuongeza kwa pointi 40 za asilimia kiwango cha watu wanaopata miwani inayowafaa ifikapo 2030.

Kwa nchi za Afrika Mashariki, lengo hilo linaanzia darasani. Uzoefu wa Kenya, Tanzania na Rwanda unaonyesha kwamba kumpima mtoto ndiyo hatua iliyo rahisi. Wengi hupotea katikati ya ubao wa kupimia na miwani iliyo usoni, na hapo anayeamua ni mzazi.

KITALE: WALIOGUNDULIWA NI WENGI KULIKO WALIOFIKA

Kitale, mji wa mahindi katika kaunti ya Trans Nzoia, hauko mbali na mpaka wa Suam, ambako Kenya na Uganda hukutana chini ya Mlima Elgon. Huko ulifanyika utafiti ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2018 katika jarida la kitabibu la Lancet Global Health, ukiongozwa na daktari bingwa wa macho wa Kenya, Hillary Rono. Wanafunzi zaidi ya 20,000 wa shule 50 walipimwa macho, na waliowapima walikuwa walimu.

Kipimo chenyewe hakihitaji mashine kubwa. Mtoto huonyeshwa herufi E iliyogeuzwa huku na huko, juu, chini, kushoto na kulia, naye huonyesha kwa mkono miguu ya herufi imeelekea wapi. Hata asiyejua kusoma anaweza kukifanya. Jicho moja hufunikwa, kisha la pili, kwa sababu jicho zima huweza kuficha ubovu wa mwenzake kwa miaka mingi. Mtoto ambaye kwa umbali wa mita 6 anaona kile tu ambacho jicho zima hukiona kutoka mita 12 huandikwa 6/12. Yule anayeshindwa hata mstari huo anatakiwa kuonwa na mtaalamu.

Katika nusu ya shule hizo za Kitale, walimu walitumia kadi ya kawaida, na aliyeshindwa alipewa barua ya kupeleka nyumbani. Katika nusu nyingine walitumia programu ya simu iitwayo Peek, iliyotokana na kazi ya daktari wa macho Andrew Bastawrous alipokuwa akifanya utafiti huko Nakuru. Simu hiyo ilipima, ikahifadhi majibu, na ikamtumia mzazi ujumbe mfupi wa kumkumbusha. Pia mzazi alipata picha iliyochapishwa inayoonyesha jinsi mwanawe anavyouona ubao: herufi zilizofifia na kuchanganyikana.

Kati ya kila watoto 100 waliopewa barua tu, 22 walifika hospitali. Kati ya kila 100 ambao wazazi wao walipata ujumbe na picha, 54 walifika. Mtoto alikuwa yule yule, ugonjwa ule ule na barabara ile ile. Kilichoongeza idadi ni kwamba habari ilimfikia mzazi mkononi, akaikumbuka, na akaona kwa macho yake mwenyewe kile ambacho mwanawe haoni.

Hata hivyo, mfanyabiashara aliyezoea kupiga hesabu atauliza: na wale 46 waliobaki? Hata kwa njia iliyo bora zaidi, karibu nusu ya watoto waliogunduliwa hawakufika.

Jibu moja analijua kila mwenye meza sokoni. Kliniki ya macho hufunguliwa siku za kazi, na siku za kazi ndizo siku za biashara. Kwenda hospitali ya wilaya au ya kaunti ni nauli ya watu wawili, foleni ya asubuhi nzima, na mara nyingi safari ya pili ya kuchukua miwani. Kwa anayeishi kwa mauzo ya leo, siku mbili zilizofungwa ni mtaji ulioliwa. Kwa hiyo safari inaahirishwa hadi msimu upoe. Msimu haupoi, na muhula unakwisha.

DAR ES SALAAM: KARATASI HAINUNUI MIWANI

Upande wa Tanzania, utafiti uliochapishwa mwaka 2008 uliangalia wanafunzi wa kidato cha kwanza katika shule za sekondari za Dar es Salaam. Waliokutwa wanahitaji miwani waligawanywa mafungu mawili. Fungu moja lilipewa miwani bure. Jingine lilipewa karatasi yenye vipimo ili wazazi wakanunue. Baada ya miezi 3 watafiti walirudi shuleni kuangalia nani anayo.

Katika fungu la waliopewa miwani, 47 kati ya 100 walikuwa wameivaa au walikuwa nayo shuleni. Katika fungu la waliopewa karatasi, walikuwa 26 kati ya 100.

Matokeo hayo yana somo kwa pande mbili. Kwa serikali na wafadhili, yanasema kwamba upimaji unaoishia kwenye karatasi humwacha mtoto pale pale alipokuwa. Kwa mzazi, yanasema kwamba hata miwani ya bure haimsaidii mtoto ikikaa kwenye mkoba. Watoto huogopa kutaniwa. Wengine huambiwa nyumbani kwamba miwani itawaharibu macho zaidi, au kwamba binti mwenye miwani hatapata mchumba.

Madaktari wa macho wamelijibu hilo la kwanza mara nyingi. Miwani yenye vipimo sahihi haidhoofishi macho. Mtoto anayeivua na kuona ukungu hajaharibiwa na miwani. Ukungu ulikuwepo tangu mwanzo, ila sasa ameonja tofauti. Kipimo kikibadilika mwaka unaofuata, kimebadilika kwa sababu mtoto anakua na jicho lake linakua pamoja naye. Ndiyo maana mtoto mwenye miwani hupimwa tena, kwa kawaida kila mwaka.

RWANDA: HUDUMA ILIYOSOGEZWA KIJIJINI

Rwanda ilianza na umbali. Kuanzia mwaka 2012 wizara yake ya afya, ikishirikiana na shirika la Vision for a Nation lililoanzishwa na mfanyabiashara James Chen wa Hong Kong, iliwafundisha wauguzi wa vituo vya afya nchi nzima kupima macho, kutoa dawa za matatizo madogo, kutoa miwani ya aina nyepesi na kuwatuma hospitali wenye matatizo makubwa. Vituo hivyo vilikuwa zaidi ya 500. Miwani iliuzwa kwa faranga 1,000 za Rwanda, na wasio na uwezo kabisa walipewa bure.

Mpango huo ulikuwa wa watu wa rika zote, na mtoto mwenye tatizo gumu bado alilazimika kwenda hospitali. Lakini hatua ya kwanza, ile inayowashinda wengi, ilikuwa mahali ambapo mzazi hupita hata hivyo akipeleka mtoto chanjo au kutibiwa malaria. Mzazi hakuhitaji kufunga biashara siku nzima ili ajue tu kama kuna tatizo.

Ukiweka masomo hayo matatu pamoja, njia nzima inaonekana. Mwalimu anaweza kumgundua mtoto. Ujumbe wa simu unaweza kumfanya mzazi aondoke nyumbani. Kituo cha karibu kinaweza kufupisha safari. Na miwani inapaswa kufika usoni, kisha ibaki hapo. Kipande kimoja kikikosekana, vingine vyote vimefanyiwa kazi bure.

KARATASI INAYOISHIA FORODHANI

Kwa familia za mpakani kuna kipande kingine ambacho hakuna hata nchi moja kati ya hizo tatu inayoweza kukirekebisha peke yake. Mtoto wa mpakani huenda akalala upande mmoja na kusoma upande wa pili, au akaanza shule kwa bibi yake nchi moja na kuimalizia kwa wazazi nchi nyingine. Biashara inahama, naye anahama nayo.

Miaka ya masomo nayo hailingani. Kenya na Tanzania hufungua mwaka mpya Januari. Rwanda na Burundi huanza Septemba. Timu ya upimaji ikipita shuleni mwezi ambao mtoto hajafika, na nyingine ikapita kule alikotoka baada ya yeye kuondoka, anaweza kumaliza shule ya msingi bila kusimama mbele ya ubao wa E hata siku moja.

Na akipimwa, karatasi ya rufaa humtuma hospitali ya nchi ile ile alikopimiwa. Bima za afya za umma ni za kitaifa: kwa kawaida kadi iliyotolewa upande mmoja hailipi upande wa pili, hata kama hospitali ya karibu zaidi iko hatua chache baada ya forodha. Mzazi mwenye gunia la mahindi ana utaratibu wake wa kuvuka; wafanyabiashara wadogo wanaujua vizuri ule mfumo rahisi wa forodha kwa mizigo isiyozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani. Majibu ya macho ya mtoto hayana utaratibu kama huo.

Jambo hili haliko nje ya mapatano ya jumuiya. Mkataba wa kuanzisha Jumuiya ya Afrika Mashariki, uliotiwa saini Novemba 1999, una kifungu cha ushirikiano katika afya, kifungu cha 118. Madaktari wa macho wenyewe wameshavuka mpaka: tangu mwaka 2012 wana chuo chao cha pamoja cha kitaaluma, COECSA, chenye makao yake Nairobi, kinachounganisha nchi za mashariki, kati na kusini mwa Afrika. Hospitali ya KCMC mjini Moshi imefundisha wataalamu wa macho kutoka nchi mbalimbali za eneo hili. Daktari na elimu yake wanavuka. Kilichobaki nyuma ni faili la mtoto.

MIWANI YA MEZANI NA DAWA ZA MATONE

Mahali serikali zilipochelewa, soko limewahi. Katika kila mji wa mpakani kuna meza yenye miwani ya kusomea, na mzazi aliyekosa muda wa hospitali hushawishika kumchukulia mtoto jozi moja.

Hapo pesa hupotea. Miwani ile imetengenezwa kwa watu waliofika miaka 40 na kuendelea, ambao macho yao yameshindwa kusoma vitu vya karibu. Lenzi zake ni za kujumlisha. Mtoto asiyeona ubao kwa kawaida ana tatizo la vitu vya mbali, na anahitaji lenzi za kutoa. Akivaa ya mezani, ubao unazidi kufifia. Tena macho ya mtoto hujikaza sana wakati wa kupimwa kiasi cha kumdanganya mpimaji, na ndiyo maana mtaalamu mara nyingi huweka kwanza matone ya kulegeza misuli ya jicho kabla ya kuandika kipimo. Hakuna meza ya sokoni inayoweza kufanya hivyo.

Dawa za matone ni hatari zaidi. Watoto wengi wa maeneo ya vumbi na joto wana mzio wa macho: yanawasha, yanakuwa mekundu, yanatoa machozi, yanapoa kisha yanarudi. Matone yenye steroidi, kama deksamethasoni, huondoa wekundu haraka, na kwa sababu hiyo mzazi huyanunua tena na tena bila cheti cha daktari. Yakitumika muda mrefu bila uangalizi, yanaweza kupandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho. Presha hiyo hula uwezo wa kuona kimyakimya, na kilichopotea hakirudi. Anayevusha dawa hizo kama bidhaa nyingine na anayezinunua wote wanapaswa kulijua hilo. Dawa za kienyeji zinazotiwa ndani ya jicho, iwe majani au maji ya mitishamba, nazo zimewaacha watoto na makovu kwenye kioo cha jicho.

KINACHOPIMIKA NYUMBANI

Mzazi hahitaji mashine ili aanze kushuku. Mtoto anayekunja uso akitazama mbali, anayesogelea runinga, anayeinamisha kichwa upande mmoja, anayeshika kitabu karibu na pua, anayeumwa kichwa baada ya masomo au anayeshuka alama ghafla anahitaji kupimwa. Jaribio moja linaweza kufanyika hata mbele ya duka. Mtoto afunike jicho moja kwa kiganja bila kulikandamiza, asome maandishi ya bango la upande wa pili wa barabara, kisha abadilishe jicho. Likionekana vizuri kwa jicho moja na vibaya kwa jingine, kuna la kufuatilia. Jaribio hilo halichukui nafasi ya mtaalamu. Ni la kumjulisha mzazi kwamba safari haipaswi kuahirishwa.

Yapo mambo mawili ambayo hayaruhusu kusubiri hata kidogo.

La kwanza ni makengeza, au jicho moja lililo dhaifu kuliko mwenzake. Ubongo wa mtoto huacha kulitumia jicho linaloleta picha mbovu. Likitibiwa mapema, hasa kabla ya mtoto kufikisha miaka 7 au 8, linaweza kufundishwa kuona tena. Miaka ikishapita, kazi huwa ngumu na jicho huweza kubaki hivyo maisha yote. Samaki mkunje angali mbichi.

La pili ni mboni inayong'aa nyeupe, hasa kwa mtoto mdogo. Wakati mwingine huonekana kwanza kwenye picha ya simu iliyopigwa kwa mwako: jicho moja jekundu kama kawaida, jingine jeupe. Huenda ni mtoto wa jicho, ambao watoto nao huupata. Huenda pia ni saratani ya jicho ya utotoni iitwayo retinoblastoma. Ikigunduliwa mapema inatibika, ikichelewa inaua. Mtoto huyo apelekwe hospitali yenye daktari bingwa wa macho wiki hiyo hiyo, siku ya soko iwe haijafika au imefika.

DAFTARI LA MACHO

Mpaka faili la mtoto lipate njia rasmi ya kuvuka, mwenye kulivusha ni mzazi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na wafanyabiashara ndio wanaoushika msemo huo kuliko watu wote. Ukurasa mmoja wa daftari unatosha: tarehe ya kupimwa, shule au kituo, kipimo cha jicho la kulia, kipimo cha jicho la kushoto, namba za lenzi ikiwa mtoto ameandikiwa miwani, na tarehe ya kurudi. Namba hizo ni zile zile Kampala, Arusha, Kigali au Bujumbura. Mtaalamu yeyote atazisoma bila mkalimani, na mtoto hataanza upya kila anapohamishwa shule. Picha ya karatasi hiyo ikiwa kwenye simu, haipotei hata mkoba ukipotea.

Shuleni kuna maswali matatu ya kumuuliza mwalimu mkuu muhula unapofunguliwa: macho ya watoto hupimwa lini, mtoto aliyehamia katikati ya mwaka anapimwa na nani, na anayeshindwa anatumwa wapi. Vyama vya wafanyabiashara vya mpakani, ambavyo vimezoea kukaa na maofisa wa forodha kuhusu ushuru na foleni, vinaweza kuyapeleka maswali hayo hayo kwa maofisa wa afya na elimu wa pande zote mbili. Kliniki ya macho inayofika siku ambayo soko halipo, au inayokaa karibu na soko lenyewe, ingewaondolea wazazi ile hesabu ya kuchagua kati ya mauzo na mtoto.

Kwa sasa hesabu hiyo bado ipo, na mfanyabiashara anaweza kuipiga mwenyewe. Upande mmoja ni siku moja au mbili za mauzo. Upande wa pili ni miaka 7 au 8 ya ada, sare na vitabu vya mtoto ambaye haoni kilichoandikwa ubaoni.